Kilindo cha Bibi na Fedha za Ngoma

Chini ya ngoma yangu, mahali ambapo mtazamaji haoni, kuna namba 47 iliyoandikwa kwa kalamu nene nyeusi. Niliiona kwa mara ya kwanza Mei 2013, siku niliyokwenda kuikomboa. Ilikuwa imekaa wiki sita katika chumba cha mkopeshaji, juu ya rafu, katikati ya televisheni na mafungu ya simu zilizofungwa kwa mipira. Kila kilichowekwa rehani mle ndani kilipewa namba. Miezi tisa kabla ya hapo ngoma hiyohiyo ilikuwa jukwaani Ulaya, watu elfu kadhaa wamesimama kwenye nyasi wakiipigia makofi.

Mimi ni mpigaji wa muheme. Kwa Wagogo, ngoma hiyo ni ya wanawake. Unaipachika kati ya mapaja, unaifunga kwa kamba kiunoni, na mikono miwili inafanya kazi ambayo mabega na shingo vinaimalizia. Kabla ya kupiga lazima uioteshe moto. Ngozi iliyolala usiku mmoja Bagamoyo, pwani yenye unyevu, asubuhi inalia kama gunia. Ukiisogeza karibu na makaa na kuigeuzageuza taratibu, inakaza, na sauti inarudi. Nimejifunza kazi hii kwa bibi yangu mzaa mama, kijijini kwetu wilaya ya Chamwino, Dodoma, na nimeishi kwa kazi hii Bagamoyo tangu 2006. Ninalea watoto wawili kwa kazi hii. Naandika leo kuhusu upande wake ambao hatuuimbi wala hatuuzungumzi tukiwa mazoezini: fedha.

Safari yangu ya kwanza ya nje ilikuwa mwaka 2012, Juni hadi Agosti mwanzoni. Tulikuwa saba. Mwisho wa safari kila mmoja alikabidhiwa bahasha yenye yuro 1,900, ambazo kwa wakati ule zilikuwa karibu shilingi milioni 3.8. Sikuwahi kushika fedha kama hizo. Nilirudi nikiwa na hakika kwamba maisha yamefunguka, na kwamba mwakani tutakwenda tena, na mwaka unaofuata tena.

Fedha zile zilikwisha kabla ya Krismasi. Nikikaa kuzikumbuka, hakuna hata shilingi moja niliyoitumia kwa anasa. Nilichangia harusi ya mdogo wangu. Nilinunua godoro na kitanda. Niliezeka upya nyumba ya mama kwa bati. Na nusu nzima ya fedha nilimpa mtu aliyeniuzia kiwanja, ambacho baadaye nikagundua alikwisha kukiuza kwa mwingine kabla yangu; karatasi niliyosaini ilikuwa ya daftari la shule, bila mwenyekiti wa mtaa wala shahidi anayeeleweka. Kila kitu nilichokifanya kilionekana chema siku nilipokifanya. Kosa langu lilikuwa kuamini kwamba mvua iliyonyesha mwezi Julai itanyesha kila mwezi.

Masika ya 2013 ikaingia. Hoteli za ufukweni zikawa tupu. Mtoto akaugua. Nikakopa 300,000 kwa riba ya asilimia 30 kwa mwezi, mkopo ambao siku hizi mtaani wanauita kausha damu, na jina hilo limeuenea. Dhamana niliyokuwa nayo ilikuwa ngoma. Wiki sita zilihesabiwa kuwa miezi miwili, kwa hiyo nilitakiwa kulipa 480,000. Kaka yangu aliuza mbuzi wanne mnadani, wenzangu wa kikundi wakachangia zilizobaki. Nilipoifikia ngoma yangu pale rafuni sikulia. Niliipapasa ngozi tu. Ilikuwa imelegea kabisa.

Sijaifuta ile namba.

Kila anayepiga muziki wa Kigogo Bagamoyo anaishi chini ya mti uliopandwa na Hukwe Zawose. Sikumkuta, alifariki Desemba 2003, miaka zaidi ya miwili kabla sijafika. Lakini sauti yake niliijua tangu utotoni, kwa kuwa redio ya mjomba ilikuwa ikiipiga, ile sauti inayoanzia kifuani kama ngurumo na kupanda mpaka inakuwa nyembamba kama filimbi, marimba ikitiririka chini yake. Alitoka Ugogo akiwa kijana. Mwalimu Nyerere alivutiwa na muziki wake, akamwita Dar es Salaam katika miaka ya sitini, wakati nchi changa ilipokuwa inajenga utamaduni wake wa taifa. Baadaye akahamia Bagamoyo, mji ambao Chuo cha Sanaa kilianzishwa mwaka 1981. Katika miaka ya themanini sahani zake zikaanza kutoka Uingereza. Mwaka 1996 ikatoka *Chibite* kupitia Real World, kampuni ya mwanamuziki Mwingereza Peter Gabriel, na mwaka 2002 *Assembly* aliyoifanya na Michael Brook. Alizunguka dunia na marimba zilizotengenezwa kwa ubao na vyuma vilivyofuliwa kwa nyundo, na vitundu vilivyozibwa kwa utando wa buibui ili sauti itetereke.

Wazee wa mji huu wakisimulia habari za enzi ile, huwa wanasema neno moja ambalo vijana hawalisikilizi: mshahara. Vikundi vya taifa vya ngoma, na chuo baadaye, viliwapa wasanii wa jadi ajira. Haikuwa fedha nyingi. Lakini ilikuja mwisho wa mwezi, masika na kiangazi, na safari za nje zikawa nyongeza juu yake. Mtu aliweza kupanga ada ya mtoto akiwa na uhakika wa tarehe.

Kizazi changu hakina hicho. Sisi ni vikundi binafsi. Tunaalikwa, tunapiga shoo, tunalipwa, tunakaa. Muziki ni uleule, vyombo ni vilevile, na hata majukwaa ni yaleyale, ila mtu wa kutulipa tarehe 28 hayupo. Nilichukua muda mrefu kuelewa kwamba mtu huyo inabidi niwe mimi mwenyewe.

Aliyenifundisha ni bibi, ingawa alikuwa amekwisha kufariki na hakuwahi kuwa na akaunti ya benki. Ugogo ni nchi ya mvua moja. Inaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, inakwisha Aprili, na kwa mwaka mzima haizidi sana milimita 600. Miaka mingine inashindwa kufika hapo. Ndiyo maana tunalima uwele na mtama, mazao yanayovumilia. Kinachovunwa kati ya Mei na Juni lazima kimfikishe mtu Mei nyingine. Ndani ya tembe ya bibi, upande wenye giza, kulikuwa na vilindo vitatu, mapipa ya magome ya mti yaliyosimama kama wazee waliokaa kimya. Kimoja cha chakula. Kimoja cha wageni, misiba na pombe ya ngoma. Na kidogo kuliko vyote kilikuwa cha mbegu, ingawa mbegu nyingine alizitundika juu ya jiko zipate moshi zisiliwe na wadudu. Kila asubuhi aliteka kwa kibuyu kilekile, kipimo kilekile, iwe ni wiki ya mavuno au wiki ya njaa. Sisi watoto tulikuwa tunamwona mchoyo mwezi wa Juni, nyumba imejaa na yeye anapima. Mwezi wa Februari, majirani walipokuwa wanapita wakiomba, kibuyu kilikuwa bado kinashuka na kupanda.

Alirithi tabia hiyo kwa mama yake, aliyezaliwa karibu na zamani za Mtunya. Ndivyo Wagogo wanavyoiita njaa kubwa ya miaka ya mwisho ya Vita Kuu ya Kwanza. Majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalipita yakichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, kisha mvua ikakataa. Watu wetu wanazipa njaa majina kama wengine wanavyowapa watoto, na bibi aliyasema majina hayo akiwa anapima uwele. Sikuwahi kusikia somo la uchumi lililo zito kuliko hilo.

Kwa hiyo mwaka 2015 nilifanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya tangu mwanzo. Nilinunua daftari kubwa la mistari, nikaandika kila shilingi iliyoingia kutokana na ngoma, mwezi kwa mwezi. Januari 140,000. Februari 610,000, kwa sababu ni mwezi wa tamasha la muziki la Sauti za Busara kule Zanzibar, na ukiwa upande huo unapata na shoo za pembeni. Machi 95,000. Aprili 40,000. Mei 60,000. Juni 90,000, maana Ramadhani iliangukia katikati ya mwezi na Bagamoyo hakuna anayepiga ngoma kwa siku hizo. Julai 350,000, harusi za baada ya Idi. Agosti 830,000. Septemba 560,000. Oktoba 620,000. Novemba 260,000. Desemba 785,000.

Jumla ni 4,440,000. Nilipoigawa kwa miezi 12 nikapata 370,000 kwa mwezi, nikashtuka. Nilikuwa nimejiita maskini kwa miaka, kumbe nilikuwa na kipato cha kumtosha mtu mwenye mpango. Kisha nikajumlisha Machi, Aprili, Mei na Juni peke yake: 285,000 kwa miezi minne. Ugonjwa wangu wote ulikuwa kwenye mistari hiyo minne. Kila deni nililowahi kuingia, nikirudi nyuma kulitafuta, lilizaliwa kati ya Machi na Juni.

Tangu hapo ninajilipa mshahara. Fedha zote za ngoma zinaingia kwenye laini moja ya simu ambayo haitumiki kununua hata sukari. Kila tarehe moja najihamishia 300,000 kwenye laini ya nyumbani, na hiyo ndiyo inayolisha, kuvalisha na kulipa kodi ya nyumba. Agosti ikileta 830,000, mimi bado ni mtu wa 300,000. Aprili ikileta 40,000, mimi bado ni mtu wa 300,000. Kiasi kimepanda kadiri miaka ilivyokwenda, lakini ninakipandisha mara moja tu kwa mwaka, Januari, baada ya kusoma daftari la mwaka uliopita. Mwaka wa kwanza ulikuwa mgumu, kwa sababu huwezi kuanza kuteka kwenye kilindo kitupu. Nilianza Agosti, mavuno yakiwa mengi, na nikaishi miezi saba kwa kubana sana mpaka Machi iliponikuta na akiba. Anayetaka kuanza asianze Aprili. Aanze siku atakayopokea fedha nyingi, siku hiyohiyo, kabla hajafika nyumbani.

Fedha zisizohitajika kwa mwezi sizilazi kwenye simu. Simu iko mkononi, na kila anayenipigia yuko karibu nayo kuliko mimi. Nilifungua akaunti UTT AMIS, kampuni ya serikali inayowekeza fedha za watu kwa pamoja, nikanunua vipande kwenye Mfuko wa Ukwasi. Ukitaka fedha zako unaomba, zinachukua siku chache kufika, na siku hizo chache zimeniokoa mara nyingi. Mtu akija na biashara ya haraka, ya leoleo, namwambia kweli kwamba fedha haziko karibu. Biashara ya leoleo nyingi haziwi na nguvu ya kusubiri mpaka Alhamisi. Wapo wenzangu wanaopenda hatifungani za serikali, yaani kuikopesha serikali kwa riba, zinazouzwa kupitia Benki Kuu, na ni kitu kizuri kwa fedha ambayo huihitaji kwa miaka. Kwa msanii anayeanza, fedha ya kwanza iwe ile inayoweza kurudi Aprili.

Kikundi nacho kina hesabu zake, na mimi ndiye mtunza hazina tangu 2014. Hapa kuna jambo linalovunja vikundi vingi vya ngoma kuliko wivu au mapenzi: kugawana fedha gizani, nyuma ya gari, baada ya shoo, kila mtu amechoka na ana njaa. Sisi tunagawana mezani, kesho yake, daftari likiwa wazi. Tuseme hoteli imelipa 300,000 kwa dakika 40. Nauli ya kubeba ngoma 20,000 inatoka kwanza. Zinabaki 280,000. Asilimia 10 ya hizo, yaani 28,000, ni ya vyombo. Zinabaki 252,000, tuko saba, kila mmoja anapata 36,000, kiongozi na mcheza wa mwisho sawasawa. Kuna vikundi vinavyompa kiongozi mafungu mawili, na sioni ubaya kama kila mmoja anajua na amekubali kabla. Ubaya uko kwenye kutojua.

Zile 28,000 ndizo mbegu. Njuga zinakatika, kamba za zeze zinaoza kwa chumvi ya bahari, na ngoma ikipasuka mti haurudi. Kabla ya mfuko huo, kila chombo kilipoharibika tulikopa au tulimwomba mfadhili, na aliyekupa ngoma ana haki ya kukwambia upige nini.

Fedha za kutunzwa tunaziweka upande wake. Kwenye harusi mtu akipandwa na ngoma anakuja na noti, anakubandika usoni au anaichomeka kwenye kilemba. Dada mmoja wa kikundi chetu ana namna ya kutingisha mabega inayowafanya wajomba wazima waache viti. Ukizikusanya zile elfu mbilimbili na tanotano usiku mmoja zinaweza kuzidi malipo yenyewe. Tulikubaliana ziende kwenye kasha. Ni kasha la chuma la VICOBA, lina kufuli tatu, na funguo tatu zinakaa kwa watu watatu tofauti ambao hawalali nyumba moja. Tunanunua hisa kila Jumapili, tunakopeshana kwa riba ndogo, na mwisho wa mwaka tunagawana. Zamani tulikuwa tunacheza upatu, na upatu una raha yake, unapokea donge kubwa kwa mkupuo. Ila mchezo unategemea kila mtu awe na kitu kila wiki, na wasanii wote hukauka mwezi mmoja. Aprili kijumbe wetu, mkusanyaji wa fedha, alikuwa akikimbiwa na kila mtu, maskini, na kosa halikuwa lake.

Sasa habari ya ndugu. Najua ukurasa huu ndio wengi mnaousubiri, maana ndio unaouma. Mtu akionekana kwenye runinga, kijiji kizima kinajua ana fedha. Kadi za michango zinakuja kwa WhatsApp, tatu kwa wiki. Kuna waandishi wa mambo ya fedha wanaotushauri tujifunze kusema hapana. Mimi siwezi kuandika hivyo. Mbuzi wanne walioikomboa ngoma yangu walikuwa wa kaka, na hakuniuliza nitalipa lini. Bila ndugu, leo ningekuwa sina ngoma. Nilichofanya ni kurudi kwenye kilindo cha pili cha bibi, kile cha wageni na misiba. Kila mwezi natenga 40,000 za watu. Zikiwepo natoa kwa moyo mweupe, sijiulizi mara mbili. Zikiisha, nasema zimeisha, na ninasema kweli. Msiba na ugonjwa vinatangulia, harusi inafuata, sherehe ya kumaliza darasa la awali inasubiri. Mama alipoelezwa utaratibu huu alicheka, akasema, "Umekuwa bibi yako." Hajawahi kunipa sifa kubwa kuliko hiyo.

Kuhusu mikataba nitasema kwa uchungu kidogo. Mwaka 2017 mwandaaji mmoja wa nje alituomba turekodi nyimbo nne "kwa kumbukumbu". Tulirekodi mchana mmoja chini ya mwembe. Baadaye tukaziona zinauzwa kwenye intaneti, picha yetu mbele, jina la kikundi limekosewa. Tulipouliza tukajibiwa kwamba nyimbo zile ni za asili, hazina mwenyewe. Ni kweli wimbo wa jando hauna mtunzi mmoja. Ulikuwepo kabla ya mama wa bibi yangu. Lakini mikono iliyopiga siku ile ina wenyewe. Sheria yetu ya mwaka 1999 inaitwa ya Hakimiliki na Hakishiriki, na neno hilo la pili, hakishiriki, ndilo letu sisi watu wa ngoma: linamlinda anayetumbuiza, hata kama wimbo ni wa kale. Jisajilini COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya nchi. Andikeni majina ya wote waliopiga, tarehe na mahali, siku ya kurekodi. Na kwenye mkataba, hata wa ukurasa mmoja, ijulikane nani analipa viza na bima ya safari, posho ni kiasi gani kwa siku, nusu ya malipo inaingia lini kabla ya kupanda ndege, na kama kurekodi kumeruhusiwa au la. Ulizeni pia kodi. Nchi nyingi za Ulaya zinamkata msanii mgeni kodi ya zuio kabla hajalipwa, na kama mkataba hausemi kiwango kilichotajwa ni kabla ya kodi au baada yake, mtalijua siku ya bahasha.

Kuna miaka ambayo hakuna hesabu inayoizuia. Mwaka 2016 Sauti za Busara haikufanyika kwa kukosa fedha, na Februari yangu, ambayo daftari la 2015 liliniambia ni mwezi wa neema, ikaja mikono mitupu. Nilikuwa na akiba ya mwezi mmoja na nusu tu. Tulivuka kwa shida. Baada ya hapo nikajiwekea kilindo kiwe na miezi sita, nikakijaza polepole kwa miaka mitatu. Kilitimia Novemba 2019. Machi 2020 ikaja korona. Mikusanyiko ikazuiwa, ndege za kimataifa zikasimama, hoteli zikafunga milango, na simu ya kikundi ikanyamaza kabisa mpaka tukaanza kuipiga wenyewe kuona kama inafanya kazi. Sikukopa. Nilikaa nyumbani na wanangu, nikawafundisha muheme, nikajilipa mshahara wangu kila tarehe moja. Wenzangu wawili waliuza vyombo mwaka ule. Mmoja aliuza marimba aliyoachiwa na baba yake, na mpaka leo hajapata inayolia vile.

Uzee unanijia akilini zaidi siku hizi, mabega yanapouma baada ya shoo ya pili. Bi Kidude aliimba jukwaani akiwa na zaidi ya miaka 90, na dunia ilimpa tuzo ya WOMEX, maonyesho ya kimataifa ya muziki, mwaka 2005. Watu wanamtaja kama ushahidi kwamba msanii hazeeki. Mimi namkumbuka kwa jambo lingine: alikuwa mwalimu wa unyago, alitengeneza hina na wanja, alijua dawa. Jukwaa halikuwa mlango wake pekee. Nami nafundisha watoto Jumamosi, nashona ushanga wa kuchezea, na ninachangia NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, kwa hiari kama mtu aliyejiajiri, kidogo kidogo. Hukwe Zawose aliacha nyumba iliyojaa watu waliojua kazi. Mwaka 2024 wanawake wa ukoo wake, Pendo na Leah, walitoa sahani yao, *Maisha*, kwa jina la The Zawose Queens, wao mbele, baada ya miaka mingi ya wanawake kusimama nyuma wakiitikia. Niliisikiliza yote nikiwa naiotesha ngoma moto. Nilirudia wimbo wa kwanza mara tatu.

Juzi binti mmoja wa kikundi amepata mwaliko wake wa kwanza, wiki tano, Juni ijayo. Ana miaka 22. Alikuja kwangu jioni, akaniamkia, akakaa kwenye mkeka, akasema, "Shangazi, nikirudi nataka kununua kiwanja." Nikamwambia kiwanja ni kizuri, tutakwenda pamoja kwa mwenyekiti wa mtaa na ofisi ya ardhi. Kisha nikamgeuzia ngoma yangu, nikamwonyesha ile 47. Alikuwa haijui habari yake. Nilimsimulia yote, mpaka mbuzi wa kaka.

Nikampa daftari jipya na kalamu. Akachora mistari, akaandika miezi 12 kwa mwandiko wa shule, mmoja chini ya mwingine, akaanza kukadiria kwa sauti. Januari kidogo. Februari nzuri. Juni akaandika kiasi kikubwa, akatabasamu. Aprili akairuka. Nikamuuliza mbona ameiacha wazi.

"Sijui niandike nini, shangazi. Aprili huwa hakuna kitu."

Nikamwambia aandike sifuri, tuanzie hapo.